Nyumba ya Kona Aliyopewa Mama Pindo

Mama Pindo alipata jina hilo kwa ubishi wake. Ukimpelekea suruali aipunguze urefu, hataki kusikia kipimo chako. Atakusimamisha barazani kwake, apige magoti na pini mdomoni, akukunjie pindo anavyoona yeye, kisha akuambie, "Ukitaka ya kuburuza, nenda kwa mwingine." Hakuna aliyekwenda kwa mwingine. Tulimnung'unikia, tukavaa, tukapendeza.

Mimi ni kinyozi. Chumba nilichopanga kilikuwa ng'ambo ya kichochoro, mlango wangu ukitazamana na baraza yake, kwa hiyo maisha ya mama yule niliyaona kuliko nilivyoyaona ya ndugu zangu wa damu. Cherehani yake ilikaa kulia kwa mlango. Kushoto kulikuwa na kiti na meza ya mumewe, fundi redio, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Mawimbi. Hawakujaliwa watoto. Mama alisema kwa wawili, Mzee alinyamaza kwa wawili, na saa ya chakula waligeuziana viti wakala sahani moja. Nilikuwa nawaonea wivu, na sioni haya kusema.

Mambo yalianza na skrubu. Mzee alifungua redio, akaifunga, zikabaki skrubu mezani. Baadaye redio zikawa zinafunguliwa na hazifungwi. Mama Pindo akaanza kuzipokea yeye, akimnong'oneza mteja, "Macho yanamsumbua, mwache kidogo." Usiku usiku anazipeleka kwa fundi mwingine, asubuhi zinakaa juu ya meza ya mumewe zikiimba. Mtaa ukaamini ni macho. Watu wakaanza kumpa Mzee pole ya macho, wengine wakimletea majina ya matone ya dawa. Na yeye, kwa adabu yake, aliitikia pole zote.

Basi ndipo ukaja mradi. Mji ulipotangaza kwamba mtaa wetu utajengwa upya, sisi tulijua maana yake: tafuta kamba ufunge magodoro. Lakini safari hii alikuja binti mmoja mchoraji, tukamwita Binti wa Ramani, akasema hatachora hata mstari mmoja kabla hajatusikiliza. Nilicheka mpaka wembe ukanitoka mkononi. Nimeshasikilizwa sana katika maisha yangu na watu wenye kalamu. Lakini nimpe haki yake: yule binti alisikiliza kweli. Alikaa kwenye vigoda vyetu, akala vumbi letu, akajua nani hasemeshani na nani na kwa nini.

Kwenye ukumbi wa shule alitandika meza kubwa yenye ramani ya mtaa, na juu yake viboksi vya karatasi ngumu, kila nyumba na kiboksi chake. Kanuni ilikuwa nyepesi. Kiboksi anakisogeza mwenye nyumba, au mkutano mzima kwa kunyoosha mikono. Sisi wapangaji tuliwekwa viti vya nyuma. Kusema ruhusa, mkono hauhesabiwi. Nilipiga kelele kuhusu hilo nikaambiwa ndio utaratibu. Utaratibu! Nikakaa, nikanuna, lakini sikukosa mkutano hata mmoja, maana hakukuwa na burudani nyingine kama hiyo. Muuza mkaa alitaka bomba la maji liwe mlangoni kwake. Jirani yake hakujali bomba litakuwa wapi, mradi lisiwe mlangoni kwa muuza mkaa.

Katika vurugu hizo Mama Pindo ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Michoro ya kwanza haikuwa na baraza, akasimama akasema watu wa kazi za mikono hawawezi kukaa ndani kama nguo za sanduku, na baraza zikachorwa. Akadai mtaro ufunikwe. Akadai taa. Akadai uwanja mdogo wenye mabenchi, wazee wapate pa kuota jua. Kila alichodai Binti wa Ramani aliandika, akarudi nacho kimechorwa, akauliza, "Hivi, Mama, au bado?"

Kwa ajili yake mwenyewe alisema jambo moja tu. Aliweka kidole juu ya kiboksi chake akasema, "Hiki msikiguse. Kibaki hapa hapa, mlango uangalie huko huko."

Mwenyekiti wetu, ambaye kazi yake ni bucha, akamtania. "Mama huyu hata akifa atataka azikwe barazani!"

Ukumbi ukacheka, na yeye akacheka. Hakuna aliyemuuliza sababu.

Siku ya mkutano wa mwisho hakuja. Hiyo ilikuwa ajabu, kwa sababu mama yule alikuwa anatangulia hata wenye funguo. Tukaambiwa amempeleka Mzee hospitali, tumbo. Mkutano ukaendelea, na ulipokaribia kufungwa mwenyekiti akasimama akiwa ameshika kifua. Akasema huyu mama ametupigania sisi sote, kwake hakuomba kitu, na mumewe macho yamekwisha, na pale walipo pana ngazi na kichochoro chembamba. Je, ni haki? Watu wakaguna, si haki. Kwenye ramani palikuwa na kiwanja cha kona, kando ya barabara, bapa kama meza, bomba hatua chache. Wote walikuwa wakikimezea mate. Mwenyekiti akasema, "Tumpe yeye." Ndugu yangu, niliona mikono ikinyooka ukumbi mzima, hata ya muuza mkaa. Watu walikuwa wanalia kwa uzuri wa nafsi zao. Wakakichukua kiboksi cha Mama Pindo, wakakisogeza wenyewe mpaka kona, na pale kilipotoka, kwa kuwa pamebaki wazi, wakaupanga ule uwanja wa mabenchi.

Nilikuwa nimerudi kazini, nina mteja nusu kichwa, niliposikia vigelegele. Walikuja kwa msafara, kiboksi kimewekwa kwenye sinia, mwenyekiti mbele. Mama Pindo alikuwa amerudi muda huo huo, yuko barazani, pini mdomoni. Mzee alikuwa kwenye kiti chake anazungusha bisibisi.

"Mama," mwenyekiti akasema, "leo mtaa umekuamulia. Nyumba ya kona! Ngazi hakuna, maji mlangoni. Mzee wetu asijikwae tena."

Alizitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye kimto chake cha sindano. Alizitoa polepole mno. Kisha akasema, "Asanteni. Mungu awalipe wote," akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakamtikisika. Watu wakazidisha vigelegele. Ile haikuwa furaha. Mimi nimetazama uso ule miaka yote, najua.

Walipoondoka nilimwacha mteja na nusu yake nikavuka kichochoro.

"Mama, kuna nini?"

"Kinyozi, wewe unaweza kufunga mdomo?"

"Kwa wateja siwezi. Kwako nitajaribu."

Hakucheka. Alimtazama mumewe, akanivuta pembeni.

"Si macho," akasema. "Macho anayo mazima. Ni kichwa, mwanangu. Leo hatukwenda hospitali. Alitoka nikiwa jikoni, nimemtafuta mpaka nikampata sokoni amesimama tu. Nikamshika mkono. Akautoa, kwa adabu, unavyomjua. Akaniambia, 'Samahani, mama, mimi nina mke.'"

Niligeuka nikamtazama Mzee na bisibisi yake.

"Nikatangulia, nikamwambia anifuate, nikamleta bila kumgusa. Alipokanyaga baraza hii akakaa kwenye kiti chake. Mimi nikakaa kwenye cherehani. Akageuka akaniambia, 'Umeamka salama, mke wangu?' Umeelewa? Anaujua mlango huu. Anajua anayekaa kulia kwa mlango huu ni mkewe. Nikiondoka hapa mimi ni mwanamke tu wa njiani."

Nikamwambia, basi tuwakimbilie watu hawa sasa hivi, uwaambie, si wabaya, watarudisha kiboksi. Akanikatiza. "Niwaambie mume wangu amerukwa na akili? Aliyewatengenezea redio wote? Kesho watoto wamfuate nyuma wakimzomea, wateja waseme kumbe ndiyo maana? Na vile vigelegele, nivirudishe kwenye sinia?"

"Ndiyo, virudishe!"

"Wewe hujaoa," akasema, na hapo akawa amenifunga.

Wiki ile ile alipiga moyo konde akaenda ofisi ya mradi, nami nikamsindikiza. Binti wa Ramani alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha. Mama akasema anaomba kurudi mahali pake pa zamani. Binti akashangaa, lakini hakukasirika. Akasema, "Mama, huu uamuzi ni wa mkutano, siwezi kuugeuza peke yangu, maana nikianza kugeuza maamuzi yenu nitakuwa sina tofauti na waliokuja kabla yangu. Lakini nipe sababu. Yoyote ile. Nitaitisha mkutano kesho, niwaeleze, watakuelewa. Wanakupenda."

Alikuwa mkweli. Ungeweza kuona kwamba angeitisha. Mama Pindo akafungua mdomo. Akaangalia dirishani, akaangalia mikono yake, na mimi nikavuta pumzi niseme, akanikanyaga mguu chini ya meza mpaka nikaona nyota.

"Hakuna sababu, mwanangu," akasema. "Ni mazoea tu."

Binti akamshika mkono. "Utaizoea, Mama. Utaona."

Njiani nilichemka. Nilimwambia ana kichwa kigumu, kwamba anaua maisha yake kwa kulinda jina. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Jina ndilo limebaki zima kwake. Mengine yote yameshaliwa." Baada ya hapo sikumsumbua tena.

Walijenga nyumba za kona kwanza. Mama alikuwa huko kila siku, akiwasumbua waashi. Ilipobaki siku moja tuhame, aliwaomba wamfungie mlango wake wa zamani, ule uliochakaa, badala ya ule mpya wa mradi. Wakamcheka, wakamfungia. Akapigilia misumari ya kutundikia palepale ilipokuwa, akaning'iniza pazia lile lile, akaweka cherehani kulia, kiti na meza kushoto. Ukisimama mbele ungedhani nyumba ya kale imetembea. Lakini mwanga uliingia kutoka upande mwingine, magari yalinguruma nje, na sakafu haikuwa na lile bonde dogo ambalo mguu wa Mzee ulilijua.

Siku ya kuhama tulibeba vitu wenyewe, kwa nyimbo. Mzee tulimtembeza kama bwana harusi. Akakaa kwenye kiti chake, akaangalia mlango, akaangalia barabara, akatulia na mikono mapajani. Ilipofika alasiri aliniita kwa kidole.

"Fundi, tunaondoka saa ngapi? Tusimchoshe mwenye nyumba."

Mama Pindo alikuwa pale, kulia kwa mlango, mguu juu ya kanyagio la cherehani. Nilimwona anaendelea kushona kitambaa, na sindano haikuwa na uzi.

Baada ya siku chache nyumba ya zamani ikabomolewa. Yeye hakwenda kutazama.

Nilihamia chumba kingine kilichotazama uwanja mpya, na Mzee aliendelea kuletwa kwangu kunyolewa. Mama anamfikisha, anarudi kazini, ananiachia. Siku moja nikiwa nampaka sabuni akaniambia kwa sauti ya chini, mwanaume kwa mwanaume, "Yule mama wa pale kona ni mtu mwema sana. Ananipikia, ananifulia. Chai yake kama ya mke wangu kabisa. Lakini si vizuri, fundi. Mwanaume mwenye mke kukaa kwa mwanamke wa watu. Mke wangu akisikia ataumia."

"Hataumia, Mzee," nikasema.

"Humjui. Ana wivu yule." Akatabasamu na povu lote usoni. "Ndiyo maana nalala kwenye kochi. Chumbani kwake sijaingia hata siku moja. Mungu shahidi."

Niliweka brashi ya sabuni chini. Nilitoka nje nikajifanya namwaga maji. 

Baadaye nilimuuliza Mama kama ni kweli. Akasema ni kweli, na kwamba anamwekea shuka kwenye kochi kila siku, na yeye humshukuru. "Miaka yote nilikuwa nikimtania kwamba wanawake wanaomletea redio watamchukua," akasema. "Kumbe hakuna mwanamke ambaye angeweza. Hata mimi nimeshindwa." Akacheka, kicheko kikakatika katikati, akainamia cherehani akalia kwa sauti, na wateja wawili waliokuwa wanangoja nguo wakatazama pembeni.

Ni Mzee mwenyewe aliyeonyesha njia. Alasiri moja alitoka akaja mpaka uwanjani, akasimama mahali ambapo palikuwa na baraza yao, akapiga hodi hewani. Mama alikuwa anamfuata nyuma, anahema. Nadhani akili ilimjia papo hapo, kwa sababu alizunguka mbio nyuma ya vyumba vyetu vya biashara, akatokea upande wa pili, akamjia Mzee kwa mbele kama mtu anayetoka ndani.

"Umerudi?" akamuuliza.

Na Mzee akamtazama, uso ukafunguka. "Nimerudi, mke wangu. Nimechoka."

Wakakaa kwenye benchi. Waliongea, sijui nini, mpaka jua likapoa. Waliposimama kurudi kona alimshika mkono, na kabla hawajafika kwa muuza mkaa nikaona Mzee anautoa mkono wake taratibu.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yao. Kila alasiri anafunika cherehani, anatangulia njia kama mwanamke wa watu, anamfikisha uwanjani. Mzee anamshukuru: "Asante, mama, umenifikisha. Usisubiri, mke wangu atafungua." Yeye anaaga, anazunguka nyuma ya vyumba, anatokea, "Umerudi?" Na kwa muda wa benchi lile anakuwa na mume. Watu wakaona, hatimaye wakajua. Hakuna aliyemzomea Mzee. Watoto walikuwa wakiwapisha benchi. Mwenyekiti alikuja kwangu akakaa kwenye kiti cha kunyolea bila kunyolewa, akasema, "Angetuambia tu. Si angetuambia?" Nilimjibu vibaya, nikamwambia angeuliza tu. Haikumsaidia yeye wala mimi.

Wageni nao walikuja, wakubwa wa mji na watu wa miradi mingine, kujifunza namna ya kuwashirikisha wakazi. Walipelekwa kona, walipiga picha baraza. Mmoja akamuuliza Mama kama alisikilizwa. Akajibu, "Tulisikilizwa. Tulichoomba tulipewa, na tusichoomba pia." Wakaandika, wakafurahi. Binti wa Ramani, aliyekuwa amesimama nyuma yao, hakuandika. Alikuwa ameshajua. Macho yake yalikuwa mekundu na sikuweza kumchukia, ingawa nilijitahidi.

Halafu ikaja alasiri moja ya kawaida. Nilikuwa nafagia nywele mlangoni, benchi hatua chache kutoka kwangu. Mama Pindo alimfikisha, akaagwa, akazunguka. Akatokea upande wa pili akitengeneza mtandio, kama anavyofanya siku zote.

"Umerudi?" akamuuliza.

Mzee akainua kichwa. Akamtazama kwa upole, akasogea kwenye benchi ili kumpa nafasi.

"Karibu, mama. Kaa. Namsubiri mke wangu."

 Niliona mkono wake ukitafuta mgongo wa benchi.

"Amekwenda wapi?" akamuuliza.

"Mkutanoni. Wanaujenga mtaa." Alisema kwa fahari. "Yeye ndiye anayewasemea. Bila yeye hawawezi kitu."

"Anachelewa?"

"Anachelewa sana siku hizi. Lakini atakuja, anajua mimi sili bila yeye."

Mama Pindo akakaa, nafasi ya mtu mmoja katikati yao, akaweka mikono yake mapajani.

"Basi ngoja nikae nawe mpaka aje," akasema.

"Asante, mama. Una moyo mzuri." Akafikiri kidogo, akamwinamia ili wapita njia wasisikie. "Ila ukimwona anakuja, usinione vibaya, naomba uondoke. Asije akafikiri nimempatia mke mwenzake."

"Sawa," akasema. "Nikimwona anakuja nitaondoka."